Nani kawaambia jino la mbele ni urembo?

Kuna neno limenikwama kooni kama mwiba wa changu, na leo nalitema. Neno lenyewe ni "urembo".

Mjomba wangu anafundisha madrasa kisiwani Mafia. Si mtu wa kujiremba hata kidogo. Ana kanzu mbili za kila siku na moja ya Idi, na kioo pekee kilichomo nyumbani kwake ni cha mkewe. Miaka michache iliyopita jino lake la mbele, lile la juu katikati, lilitoboka. Akalituliza kwa karafuu na maji ya chumvi. Likatulia, likaamka tena, mwisho likang'olewa. Mwaka jana akaja Dar kutafuta jingine. Hakutaka lile la kuvaa asubuhi na kulivua usiku. Alitaka lile linaloshikizwa kwenye meno ya jirani na kubaki hapo hapo, ambalo madaktari huliita daraja na sisi wa mjini tumezoea kuliita briji. Mwanawe ni mtumishi, amemwandikisha kwenye bima kama mtegemezi wake. Basi tukapanga foleni. Dirishani dada mmoja akamrudishia kadi bila hata kuinua macho: "Mzee, hii haimo. Huu ni urembo."

Mjomba akacheka. Siku hizi akicheka hufunika mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Tulipotoka nje akaniuliza, "Mjomba, hivi mimi na urembo tumejuana lini?"

Yeye alicheka, mimi nilishindwa. Na kwa kuwa sina dirisha la kukaa nyuma yake, nina ukurasa huu tu, acha niseme.

Hebu nawe unayesoma fanya jaribio dogo. Tamka neno "fedha", taratibu. Kwenye "f" meno yako ya juu yamegusa mdomo wa chini. Kwenye "dh" ncha ya ulimi imegusa kingo za meno hayo hayo. Sasa yaondoe kichwani mwako, halafu tamka tena. Umeona? Na hiyo ni fedha tu, bado hatujafika kwenye thamani, dhambi na thawabu.

Mwalimu wa madrasa ana kazi ngumu kuliko hiyo. Waliopita chuoni wanajua kwamba katika elimu ya tajwidi kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Tha, dhali na dhaa hutoka kwenye ncha ya ulimi na kingo za meno ya mbele ya juu. Fa hutoka kwenye kingo hizo na mdomo wa chini. Mtoto wa miaka sita haisomi sheria hiyo kwenye kitabu. Anautazama mdomo wa mwalimu, anasikiliza, anaiga. Mjomba mwenyewe aliniambia kwamba baada ya jino kutoka, upepo ulikuwa unapita pale pengoni na kutoa mbinja. Baada ya muda akagundua jambo lililomkosesha usingizi: watoto wenye meno yao yote wameanza kusoma na mbinja. Walikuwa wanamwiga, kama walivyofundishwa.

Huyo ndiye aliyeambiwa anataka urembo.

Mafia haina mwalimu wa madrasa peke yake. Ina watu zaidi ya 60,000. Wengi wanaishi kwa bahari na minazi, na tangu Hifadhi ya Bahari ianzishwe mwaka 1995 wengine wameingia kwenye kazi za wageni wanaokuja kuzamia na kumwona papa potwe. Chukua kijana wa Kilindoni anayeomba kazi ya kupokea wageni kwenye hoteli ya kule Utende. Vyeti anavyo, Kiingereza anacho, meno mawili ya mbele hana. Unadhani atapangiwa mapokezi au kufua mashuka? Chukua mzee wa Jibondo aliyekula pweza maisha yake yote, leo anakatiwa vipande kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Chukua msichana anayeona haya kuongea darasani. Pwani yetu imewasifia wenye mwanya tangu enzi na enzi, lakini mwenye pengo tunamwita kibogoyo na kumwigiza. Tukishamcheka vya kutosha tunamwambia analotaka ni urembo. Ama kweli!

Tuje kwenye daraja lenyewe, maana wengi tunalisikia tu. Jino likitoka, jirani zake hawatulii. La kushoto na la kulia huanza kuegemea pengo, na lililo upande wa pili wa taya hushuka au kupanda kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye. Daraja la kawaida huziba pengo hilo hivi: daktari hupiga picha na kuhakikisha meno mawili ya jirani ni mazima na yana mizizi imara. Yenye tundu huzibwa kwanza. Halafu hutia ganzi na kuyasaga mpaka yabaki kama vigingi. Huchukua umbo la mdomo mzima na kulipeleka maabara, ambako fundi wa meno hutengeneza meno matatu yaliyoungana. Mawili ya pembeni yana uwazi ndani kama kofia, la katikati ndilo la kujaza pengo. Mgonjwa huondoka na jino la muda, hurudi baada ya siku kadhaa, kazi hujaribiwa, hurekebishwa, kisha hugandishwa kwa saruji maalumu. Kwa hiyo umepoteza jino moja, lakini unalipia matatu. Likitunzwa vizuri, likasafishwa hata chini yake kwa uzi, hukaa miaka kumi na zaidi.

Kwa mkazi wa Kariakoo hizo ni nauli za daladala mara mbili tatu. Kwa mtu wa Mafia ni jambo jingine. Ni boti kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati, na kama kusi kimekaza unasubiri. Ni basi kutoka Nyamisati mpaka Mbagala Rangi Tatu. Ni kulala wiki mbili sebuleni kwa mpwa wako, madrasa imefungwa, shamba halina mtu. Ukisema urudi nyumbani kusubiri fundi amalize, unalipa safari mara mbili. Gharama ya jino kwa mtu wa kisiwani huanza kuhesabiwa baharini, kabla hajafungua mdomo mbele ya daktari. Dada wa dirishani hakuliona hilo, na yule aliyeandika orodha anayoifuata dada huyo hakuliona pia.

Nchi yetu inapenda madaraja, na mimi sina ugomvi nayo. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. La Kigamboni 2016. La Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, 2025. Sijamsikia mtu akisema Kigongo–Busisi ni urembo wa Kanda ya Ziwa, eti kwa sababu kivuko kilikuwepo na watu walikuwa wanavuka. Tulielewa wote kwamba kuvuka kwa shida na kuvuka vizuri ni vitu viwili. Mbona likija la sentimita tatu, ndani ya mdomo wa mtu, akili hiyo inapotea?

Najua jibu litakalokuja. "Ndugu mwandishi, kuna akina mama wanakufa wakijifungua, kuna malaria, kuna watoto wana utapiamlo, wewe unatuletea habari za meno ya kupachika!" Hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa. Lakini hebu tuichunguze, maana imetumika miaka mingi kufunika uzembe mmoja mkubwa.

Jino la mjomba halikuanza kama pengo. Lilianza kama kitundu. Daktari aliyemtengenezea daraja alitazama, akauliza maswali mawili, akatikisa kichwa. Alituambia tundu la namna ile, likiwahiwa kabla ya kufika kwenye mshipa, huzibwa kwa dakika chache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui kama walikuwa wanafikiria meno, lakini wangekuwa madaktari wa meno wasingesema tofauti.

Hapa ndipo penye kichekesho cha uchungu. Njia rahisi ya kuziba meno bila umeme, bila mashine ya kutoboa na mara nyingi bila sindano ilizaliwa hapa hapa Tanzania! Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa mpango wa afya ya kinywa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wanafuata wagonjwa mahali ambapo mashine haziwezi kufanya kazi. Wakaona sehemu iliyooza inaweza kukwanguliwa kwa vifaa vya mkono tu, tundu likasafishwa na kujazwa. Njia hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Mwaka 2021 shirika hilo hilo likaweka saruji inayotumika kuzibia, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Dawa muhimu, jamani! Orodha moja na za malaria.

Yaani tumeifundisha dunia kuziba jino chini ya mwembe, halafu sisi wenyewe tumebaki na koleo. Muulize mtu yeyote wa kijijini, Mafia au kwingine, ukienda kwa daktari wa meno unaenda kufanya nini. Atakujibu bila kufikiri: kung'oa. Kwake kung'oa ndiyo maana ya neno matibabu, kwa sababu hajawahi kuona jingine. Utafiti wa Kida na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusu watu wa miaka 50 na kuendelea katika Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, ulionyesha kuwa sababu kubwa ya watu kupoteza meno ni kutoboka. Si uzee, kama tunavyopenda kuamini. Ni tundu lililosubiri likakosa wa kuliziba.

Kwa hiyo wanaosema hatuna fedha ya madaraja nawajibu: kubali, basi ziba! Kinachonikera ni kutoziba, kisha kung'oa, kisha kumwambia aliyeng'olewa kwamba kinachofuata ni anasa yake mwenyewe. Huwezi kumvunjia mtu nyumba kwa kuchelewa kuleta kijiko cha saruji, halafu ukamwambia paa ni mapambo.

Wala sisemi kila pengo lijengewe daraja kwa fedha ya umma. Mwaka 2003 Paulo Sarita na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Watanzania waliopoteza magego. Walikuta kwamba mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo kamili, na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, anatafuna vizuri tu. Shida kubwa ilikuwa kwa waliobakiwa na jozi chache, hasa kwenye vyakula vigumu. Maana yake ni nini kwa mpanga bajeti? Ni kwamba gego la mwisho kabisa si lazima lirudishwe, lakini la mbele na yale yanayobeba kazi ya kutafuna lazima yahesabiwe. Tayari una mpaka wa kukulinda usifilisike, tena uliochorwa na utafiti wa nyumbani. Kwa nini tunaendelea kutumia neno "urembo" kama panga la kukatia kila kitu?

Uingereza, nchi yenye malalamiko yake mengi kuhusu madaktari wa meno, huduma ya afya ya umma huweka daraja kwenye kundi moja la malipo na meno ya bandia na kofia za meno, pale daktari anapoona linahitajika. Mgonjwa anachangia kiasi kilichopangwa. Weupe wa kujionyesha ndio unaobaki mfukoni mwake. Kumbe mstari kati ya tiba na urembo unachoreka. Kinachotakiwa ni mtu wa kuushika wino.

Nimewasema wenye madirisha, sasa nigeukie upande wa pili, maana nao wana dhambi. Kuna kliniki mjini hapa ambazo daraja kwao ni kama chipsi kuku, kila anayeingia anapakuliwa. Binti wa miaka 20 kapoteza jino moja kwa ajali ya bodaboda, meno ya jirani mazima kabisa, hana hata doa, anaambiwa alale yasagwe. Jino likishasagwa halirudi. Kwa kijana mshipa ndani ya jino bado ni mpana, na kusaga ni rahisi kuujeruhi. Zipo njia nyingine. Lipo daraja lenye mabawa, lilopewa jina la Maryland kwa sababu ya chuo kikuu cha Marekani kilichoiendeleza kazi hiyo miaka ya 1980, ambalo hugandishwa nyuma ya meno ya jirani kwa kusaga kidogo sana. Yapo meno ya kuvaa na kuvua, ya bei nafuu, yanayoweza kumsubirisha mtu mpaka ajipange. Upo mzizi wa chuma unaopandikizwa kwenye mfupa, kwa mwenye uwezo. Daktari mwaminifu anakutajia yote, na ubaya wa kila moja. Ukiona umeingia, na dakika kumi baadaye umeshatiwa ganzi, inuka uondoke na aproni yao shingoni.

Na sisi wasomaji na waandishi wa kurasa hizi? Sisi ndio tunaovaa nyaya za kunyoosha meno tukiwa na miaka thelathini, tunayang'arisha wiki moja kabla ya harusi, halafu tunaweka picha. Sisemi ni kosa, mdomo ni wako. Lakini sisi tulio na meno thelathini na mbili ndio tumelichukua neno "urembo" kwa matumizi yetu, na limewaangukia wale wasio nalo hata moja mbele. Mzee wa Jibondo amelipishwa jina la starehe zetu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Sheria ni karatasi. Maisha yake yatakuwa kwenye vitita, ile mistari midogo inayosema hiki kimo na hiki hakimo. Ninayotaka ni matatu, na hayahitaji tume. Kwanza, kuziba jino kuwepo kila mahali palipo na kung'oa. Kama kuna mkono wa kushika koleo, mkono huo huo unaweza kufundishwa kukwangua na kuziba. Pili, jino la mbele na meno ya kutafunia yaliyopotea yahesabiwe tiba, hata kama ni kwa meno ya kuvua kwanza, na daraja pale daktari anapoona ndilo linalofaa. Tatu, wataalamu wa meno ya bandia wafuate watu visiwani kwa ratiba inayojulikana. Umbo la mdomo likishachukuliwa Kilindoni, kazi inaweza kusafiri kwenda maabara Dar na kurudi bila mgonjwa kuisindikiza. Tunasafirisha pweza kutoka Mafia akafika akiwa mzima wa kuliwa, tutashindwa kusafirisha kipande cha plasta?

Mjomba alipata daraja lake. Tulichangishana kwenye simu kama tunavyochangia harusi, shangazi wa Chole akauza mbuzi, nami nikaongezea ya kodi. Mke wangu anajua, asishtuke akisoma. Alikaa sebuleni kwangu siku kumi na sita. Siku ya kugandishwa alitoka kliniki, akasimama chini ya mwarobaini ulio nje, akasoma Fatiha polepole kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Alipofika mwisho akarudia neno moja, tena na tena, hadi mlinzi akaja kuuliza kama mzee ana shida.

"Sina," akajibu mjomba. "Narudisha herufi."

Nimempigia simu juzi. Watoto bado wanasoma na mbinja, anasema, wale wa mwaka ule. Wadogo walioingia baadaye hawana. Hao wakubwa anawasahihisha mmoja mmoja, kila alasiri, na anasema itachukua muda.

Sasa mwenye dirisha lake anieleze: huo urembo unamfaa nani? Nawasilisha.